Nani Mwenye Kipimo cha Adhabu?



Jioni hii nitasema nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu aliyepata kuhudhuria kesi barazani amekwisha kuliona. Mtu ameibiwa ng'ombe. Mwizi amekamatwa, ameshtakiwa, naye amehukumiwa kifungo cha miaka miwili. Karani afunga buku lake, askari amwongoza mfungwa wake, na watu watawanyika. Mwenye ng'ombe amebaki peke yake chini ya mwembe, naye auliza, "Na mimi je?" Ng'ombe wake amekwisha kuliwa. Hakuulizwa ni adhabu gani imfaayo yule mwizi, wala hakupewa hata ndama wa kumfuta machozi. Tena yule mwizi atalishwa gerezani kwa fedha za kodi, na mmoja wa walipaji wa kodi hiyo ni yeye aliyeibiwa.

Swali lake si la kijinga, nasi tusilicheke. Wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini pamoja na swali hilo liko jingine. Sote twaijua sauti ya "Mwizi! Mwizi!" inapopigwa sokoni. Kwa muda mfupi watu mia wamekusanyika, na kabla ya askari kufika, kijana aliyeshikwa na kuku mmoja amekwisha kuuawa kwa mawe. Watu wale nao wangesema kwamba walitoa hukumu. Basi ikiwa mwenye ng'ombe asipoulizwa hurudi nyumbani na uchungu, na umati ukiachiwa huua mtu kwa kuku mmoja, kipimo cha adhabu kiwe mkononi mwa nani?

Jibu la swali hili nitalitafuta katika historia ya Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza, sheria za jinai zitumikazo katika mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania, sehemu yake kubwa shina lake latoka huko. Ya pili, Waingereza walilijaribu jambo hili kwa kila njia, na kwa makosa yao watu wengi walipoteza roho zao. Mwenye busara hujifunza kwa kosa la jirani kabla hajalitenda mwenyewe.

Tuanze mbali. Yapata mwaka 600, katika nchi ya Kent, alikuwako mfalme jina lake Æthelberht. Mfalme huyu aliandikisha sheria, nazo ni sheria za kale kupita zote tuzijuazo zilizoandikwa kwa lugha ya Kiingereza. Ukizisoma utadhani wasoma orodha ya bei ya dukani. Damu ya mtu huru ni shilingi 100. Kidole gumba kikikatwa, shilingi 20. Jino la mbele likivunjwa, shilingi 6. Shilingi ya siku zile ilikuwa mali nyingi, wala haifanani na shilingi tuijuayo sisi.

Mtu asidhani kwamba watu wale walifanya biashara ya viungo vya mwili. Walikuwa wanatafuta kuzima kisasi. Mtu akiuawa, ndugu zake walikuwa na haki ya kuua, na wale wengine nao kulipiza, hata koo mbili zikamalizana. Bei ilikuwa mlango wa kutokea katika vita. Na jambo hili si geni kwetu. Wakikuyu wa zamani walitoza mbuzi au kondoo 100 kwa roho ya mwanamume. Wasomali hutoza ngamia 100. Na sheria ya Kiislamu huwapa warithi wa aliyeuawa njia tatu, kudai kisasi, au kupokea dia, au kusamehe, na hiyo ya kusamehe ndiyo isifiwayo. Katika mapatano yote hayo aliyedhulumiwa na jamaa zake ndio wenye kesi. Hapana mtu atakayewaacha chini ya mwembe.

Lakini tazameni na upande wa pili. Katika sheria zile za Uingereza damu ya bwana mkubwa ilikuwa na bei iliyozidi ya mtu wa kawaida. Tajiri aliweza kuua akalipa asione hasara. Na maskini asiye na ndugu, mgeni, yatima, mjane, nani wa kumdaia? Mtu asiye na jamaa alikuwa kama mtu asiye na damu. Nawaomba mumweke moyoni mtu huyo asiye na jamaa, maana tutakutana naye tena kabla ya mwisho.

Baadaye wafalme waliliona tatizo hilo, tena waliona na faida yao wenyewe. Henry wa Pili, aliyetawala tangu 1154 hata 1189, alitoa amri mwaka 1166 kwamba katika kila wilaya watu 12 waaminifu waape na kuwataja wauaji, wanyang'anyi na wezi wanaodhaniwa kuwamo, ili wapelekwe mbele ya waamuzi wa mfalme. Tangu siku zile mawazo ya watu yakaanza kugeuka. Mtu akiua, hakumkosea marehemu na ukoo wake tu, bali alivunja amani ya mfalme. Hata yatima akapata mdai, na mdai huyo ni mkuu kuliko wote nchini. Hiyo ilikuwa faida kubwa sana. Walakini mali ya mhalifu aliyehukumiwa ilikwenda katika hazina ya mfalme, na aliyedhulumiwa alipata kidogo au hakupata kitu. Ndipo alipozaliwa yule mtu wetu wa chini ya mwembe.

Basi jina la mfalme likaandikwa juu ya mashtaka, lakini kazi ya kushtaki ilibaki mabegani mwa aliyetendewa, na hali hiyo ikadumu hata karne ya 19. Mji wa London haukuwa na jeshi la polisi kama tulijualo sisi mpaka mwaka 1829. Mtu akiibiwa alimtafuta mwizi mwenyewe, alilipa gharama za kuandikiwa mashtaka, aliwaleta mashahidi, akaacha kazi yake siku nyingi. Akinyamaza, aghalabu hapana kesi. Hivyo ijapokuwa hakuwa na neno katika kipimo cha adhabu, alikuwa na ufunguo wa mlango wa mahakama. Na huo ufunguo, kama mtakavyoona, uliitikisa nchi nzima.

Katika karne ya 18 Bunge la Uingereza lilikuwa la wenye mashamba na wenye mali, nao waliogopa wezi. Kila waliposikia habari za uhalifu mpya, walitunga sheria ya kunyonga. Mwaka 1699 ilitungwa sheria kwamba mwenye kuiba kwa siri dukani kitu cha thamani ya shilingi 5 anyongwe. Mwaka 1713, mwenye kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40 anyongwe. Mwaka 1723, mwenye kujipaka masizi usoni akaenda kuwinda paa katika msitu wa bwana mkubwa, naye anyongwe. Mwisho wa karne ya 17 makosa ya kunyongewa yalikuwa yapata 50, na kufika mwaka 1820 yalizidi 200. Watu waliotunga sheria hizi waliamini kwamba wanawatetea walioibiwa. Walidhani kila mwenye duka hupenda mwizi wa duka lake afe.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwenye duka alimkamata msichana aliyeficha kipande cha kitambaa chini ya shuka yake. Hasira ilimpanda. Lakini alipokumbuka kwamba akimpeleka mahakamani atanyongwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayesimama kuapa na kumtia kitanzini, moyo ulimwisha. Wengine walimwacha mwizi aende zake. Wengine walimchapa wakamfukuza. Wengine walimshtaki, lakini walipoulizwa thamani ya mali walitaja bei ya chini.

Na wale raia 12 waketio kusikiliza kesi, ambao huitwa juri, walifanya vivyo hivyo. Sheria ikisema shilingi 40 ni kunyongwa, wao waliapa kwamba mali ile thamani yake ni shilingi 39. Sheria ikisema shilingi 5, wao walitamka shilingi 4 na peni 10. Watu waliapa mbele ya Mungu, wakasema uongo ili kuokoa roho ya mtu, na majaji wengi walitazama kando wasiseme neno. Hata wanasheria wakubwa waliandika habari za kiapo hicho cha huruma. Mwizi aliyeokolewa hivyo alichapwa mijeledi, au alipelekwa ng'ambo, kwanza Amerika na baadaye Australia.

Mimi ni mwalimu, na hapa nasimama kidogo. Mwalimu awekaye adhabu kubwa mno kwa kosa dogo huona jambo hili katika darasa lake. Watoto hawaachi kosa, bali huanza kufichana. Kiranja haripoti, na mwalimu hujisifu kwamba darasa lake lina adabu kwa kuwa hasikii mashtaka. Uingereza ilikuwa hivyo. Sheria ilinguruma kama simba, na wezi walijua kwamba mara nyingi haiumi. Lakini mara nyingine iliuma, na hapana aliyejua itamwuma nani.

Mwaka 1777 ilimwuma William Dodd. Huyu alikuwa kasisi mwenye kusifika kwa mahubiri, naye alipenda anasa zaidi ya mapato yake. Deni lilipomzidi, aliiga sahihi ya bwana mmoja mkubwa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, katika hati ya pauni 4,200. Alipogunduliwa, alirudisha sehemu kubwa ya fedha. Juri walimwona ana hatia, maana alikuwa nayo, lakini wao wenyewe walimwombea rehema. Watu wa London waliandika maombi, na zaidi ya 20,000 walitia sahihi. Mwandishi mashuhuri Samuel Johnson alimsaidia kuandika maombi yake. Mfalme George wa Tatu alikataa. Mwaka uliotangulia ndugu wawili mapacha walikuwa wamenyongwa kwa kosa kama hilo, na ilisemekana kwamba kumsamehe Dodd kungekuwa kukiri kwamba wale waliuawa bure. Tarehe 27 Juni 1777 alinyongwa mbele ya umati mkubwa.

Mfalme hakukosa hoja. Ikiwa kasisi mwenye marafiki 20,000 aokolewe, na mwizi asiyejulikana anyongwe, haki iko wapi? Lakini watu walirudi nyumbani wakijua kwamba ubaya ulikuwa katika sheria yenyewe.

Miaka mingi baadaye alitokea mwanasheria mmoja katika Bunge, Sir Samuel Romilly. Yeye alikubaliana na maneno aliyoyaandika Mwitalia Cesare Beccaria mwaka 1764, kwamba kinachomzuia mtu asitende uovu ni hakika ya kuadhibiwa zaidi ya ukali wa adhabu. Mwaka 1808 Romilly alifaulu kuondoa kifo kwa kosa la kuchomoa mali ya mtu mfukoni. Wapinzani wake walisema kwamba anawasahau walioibiwa. Ndipo mwaka 1811 likatokea jambo ambalo wapinzani hawakulitazamia. Walikuwako watu wenye viwanja vya kuanikia nguo za kitani na pamba. Nguo zile zilitandazwa juani katika majani siku nyingi ili ziwe nyeupe, nazo ziliibwa sana usiku. Sheria ilimpa mwizi wa nguo zile kifo. Wenye viwanja wenyewe, ndio walioibiwa, wakaliandikia Bunge wakiomba kifo kiondolewe. Walisema kwamba kwa sababu ya kifo hicho watu hawashtaki na juri hawatii hatiani, hata wezi wanaiba bila hofu. Walitaka adhabu ndogo iliyo ya hakika. Bunge likawakubalia.

Mwaka 1830 sauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Wenye benki wa miji 214 walipeleka maombi Bungeni ya kuondoa kifo kwa kosa la kuiga sahihi na hati za fedha. Fikirini, wasikilizaji. Watu hawa ndio waliokuwa wakipata hasara, na kwa ajili ya kulinda mali yao Dodd na wengi wengine walinyongwa. Sasa wao wenyewe wakasema, msituulie watu kwa jina letu, maana kwa kuua hamtulindi. Mtu wa mwisho kunyongwa kwa kosa hilo alikuwa amekufa siku ya mwisho ya mwaka 1829. Mwaka 1832 sheria ililegezwa, na mwaka 1837 kifo kikaondolewa kabisa katika makosa hayo.

Basi neno la kwanza tulipatalo ni hili. Wakubwa hupenda kusema kwa jina la waliodhulumiwa bila kuwauliza. Walipoulizwa, au walipojitokeza kusema bila kuulizwa, mara nyingi hawakutaka damu. Walitaka uovu ukome, na mali yao ilindwe.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba aliyedhulumiwa na watu wote huwa na huruma siku zote. Turudi nyuma miaka michache.

Mwezi wa Mei 1817, karibu na mji wa Birmingham, msichana aitwaye Mary Ashford alikutwa amekufa katika shimo la maji asubuhi baada ya ngoma. Kijana Abraham Thornton, aliyeondoka naye ngomani, alishikwa. Katika kesi yake mashahidi walieleza kwamba walimwona mahali pengine mbali saa zile, na juri wakamwachilia baada ya kushauriana dakika chache tu. Watu wa nchi ile hawakukubali. Magazeti yaliandika, nyimbo na vijitabu vilichapwa, na fedha zikachangwa ili kesi ianzishwe upya. Lakini mtu aliyekwisha kuachiliwa hakuweza kushtakiwa tena kwa jina la mfalme.

Wanasheria wakafukua sheria ya kale iliyosahauliwa. Katika siku za wafalme wa zamani, jamaa wa aliyeuawa walibakiziwa haki moja, kumdai mwuaji wenyewe, mbali na dai la mfalme. Katika dai hilo mshtakiwa akishindwa, hata mfalme hakuweza kumsamehe, kwa kuwa kesi haikuwa yake. Ndugu wa marehemu, William Ashford, akatumiwa kuleta dai hilo mbele ya mahakama kuu ya London.

Lakini atakaye kufukua ya kale hufukua yote. Mdaiwa katika sheria hiyo alikuwa na haki ya kuchagua kupigana na mdai, na Mungu aonyeshe mwenye haki. Mwezi wa Novemba 1817 Thornton alisimama mahakamani, akavua glavu yake, akaitupa chini, akamwita Ashford vitani. Thornton alikuwa mwenye nguvu, na Ashford kijana mwembamba. Majaji walichunguza vitabu, na mwezi wa Aprili 1818 wakatamka kwamba sheria ile haijafutwa, na haki ya kupigana ipo. Ashford akaacha dai lake, Thornton akaenda huru, kisha akahamia Amerika. Mwaka uliofuata, 1819, Bunge likafuta dai la jamaa pamoja na vita vyake.

Mimi sijui, wala hapana ajuaye kwa hakika, kama Thornton aliua au hakuua. Ninachokiona ni kwamba hasira ya watu ilikuwa kubwa kuliko ushahidi, ikaitafutia njia sheria, na njia hiyo ikaishia katika ngumi. Na kijana mwenye msiba, ambaye kila mtu alisema anamtetea, ndiye aliyeachwa peke yake mbele ya adui yake.

Mtu atasema, hayo ni mambo ya siku za kale. Basi nitawapa habari ya juzi. Mwezi wa Februari 1993, karibu na mji wa Liverpool, mtoto mdogo asiyetimiza miaka mitatu alichukuliwa na watoto wawili wa miaka 10 wakamwua. Nchi nzima ililia, na haikukosea kulia. Watoto wale walitiwa hatiani. Jaji aliyesikiliza kesi alishauri wakae kizuizini kwa uchache miaka 8, na jaji mkuu akashauri 10. Lakini siku zile katika Uingereza neno la mwisho lilikuwa la Waziri wa Mambo ya Ndani. Alipelekewa maombi yenye sahihi za watu wapatao 278,300 waliotaka wafungwe maisha. Gazeti moja lilichapisha kipande cha kukata na kutuma, na vipande zaidi ya 20,000 vikatumwa. Mwaka 1994 Waziri alitamka miaka 15.

Mwaka 1997 majaji wa Baraza la Malordi waliitangua amri hiyo. Walisema kwamba Waziri afanyapo kazi ya kupima adhabu anafanya kazi ya jaji, na jaji hahesabu vipande vya gazeti. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona kwamba mwanasiasa hafai kabisa kupewa kazi hiyo. Mwaka 2000 jaji mkuu alirudisha kipimo cha miaka 8. Wazazi wa yule mtoto walihuzunika sana, na mtu asiyewahurumia hana moyo. Lakini jiulizeni: kama mtoto aliyeuawa angekuwa yatima wa kituoni, asiye na picha gazetini, wala mama wa kulia mbele ya watu, je, wauaji wake wangestahili miaka michache zaidi? Ndiye yule mtu asiye na jamaa niliyewaomba mumkumbuke. Adhabu ikipimwa kwa wingi wa machozi ya watu, damu yake inarudi kuwa rahisi kama siku za Æthelberht.

Sasa turudi kwetu, maana mambo haya yamefika na hapa. Wageni walipoleta sheria zao, wazee wengi walishangaa kuona kesi inakwisha na mwenye haki hajapewa kitu. Mshangao huo haukufa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji, kwa kuwa familia mbili zilikuwa zimepatana kwa mila na dini yao, zikalipana ngamia na mbuzi. Wako walioshangilia, wakisema amani imepatikana. Wako waliouliza, na huyo aliyekufa asingekuwa na ukoo wa kudai ngamia, ingekuwaje? Mwaka 2014 Kenya ilitunga sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, nayo inampa aliyeumizwa nafasi ya kuieleza mahakama jinsi alivyoumia kabla hukumu haijatolewa. Na mwezi wa Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mwuaji inapingana na Katiba, kwa kuwa ilimfunga jaji asiweze kuyapima maneno ya mshtakiwa. Hizo mbili zaenda pamoja. Kwa ile ya kwanza hakimu amepewa sikio la kumsikiliza aliyeumizwa, na kwa ya pili amefunguliwa mkono apime.

Basi wasikilizaji, jibu nililolipata ni hili, nanyi mtalipima. Watu wote wana mahali pao, napo ni Bungeni, zinapotungwa sheria, kabla mtu hajasimama kizimbani. Hapo ndipo penye mithali yetu ya wengi wape, na hapo ndipo walipofanya vema wenye viwanja na wenye benki. Aliyedhulumiwa ana mahali pake, napo ni mbele ya hakimu, aeleze kidonda chake, aulizwe alichopoteza, na afidiwe kadiri iwezekanavyo. Asiachwe chini ya mwembe. Lakini maneno yake ni ushahidi wa ukubwa wa kidonda, nayo hayawi mizani. Mizani ibaki mkononi mwa hakimu, na hakimu aitwaye jina hilo apime kosa la mtu mmoja aliye mbele yake, bila kuhesabu wangapi wanapiga kelele nje ya dirisha.

Najua kwamba jibu hili halitamtosheleza mtu ambaye leo ana maiti ndani ya nyumba yake. Mimi nikifiwa hivyo, huenda nami nitataka damu. Ndiyo sababu nataka kuwe na mtu mwingine, asiyefiwa, wa kunizuia. Na nataka mtu huyo, kabla hajanizuia, aketi anisikilize mpaka nimalize.